Wanane Waliokuja na Makoti

Ukitaka kumtibua nyongo Luul wa Laare, muulize ametoka wapi. Atakujibu ametoka nyumbani, nyuma ya soko, na usipotosheka atakuonyesha chumba alichozaliwa, ambacho siku hizi ni duka la mbolea. Mkunga aliyempokea alikuwa mama wa Kimeru wa nyumba ya pili. Kimeru Luul anakijua hata cha kutukania, Kiswahili alikipata shuleni kwa viboko, na Kisomali anakizungumza kwa lafudhi inayowavunja mbavu binamu zake wa Garissa. Lakini alipofikisha umri wa kuomba kipande, yaani kitambulisho, wenzake wa darasa moja walivipata vyao upesi, naye akazungushwa mpaka akakoma. Leta babu. Leta mzee wa kamati. Leta cheti cha marehemu mama yako. Rudi wiki ijayo. Kisa jina na pua. Basi usimuulize.

Ana kibanda cha madira, leso na mitandio. Wateja wake wengi ni mama wa Kimeru wanaotaka leso za harusi na za kamati ya kanisa, na wote humwita Mama Idil kwa jina la bintiye. Mume aliondoka zamani na hatumzungumzii hapa. Aliyebaki nyumbani alikuwa mdogo wake, Aweys, kitindamimba, mrefu, mwembamba, mwoga wa nyoka na mpenda mzaha, ambaye Luul alimlea tangu mama yao afe. Ukimwona Luul amenyamaza siku hizi, jua anamfikiria Aweys.

Aweys alikuwa akimnunulia miraa tajiri mmoja wa Nairobi. Kila asubuhi ungemkuta kwa Mwirigi, katika kibanda cha kufungia, ambako vijana hukaa chini wakichambua vijiti, wakivipanga na kuvifunga mafungu kwa majani ya mgomba ili visinyauke njiani. Mwirigi ndiye mwenye shamba, mkulima na mzee wa kanisa ingawa umri wake ni ule ule wa Aweys. Walisoma pamoja, wakatoroka shule pamoja, wakapigwa pamoja. Mwirigi ni mtu wa neno moja: akisema atakuja, atakuja.

Sasa, siku moja ya soko, jioni, mfanyabiashara wa vitunguu kutoka Ruiri, mama mmoja aitwaye Kinya, alivamiwa njiani akielekea kupanda gari. Mtu alimtolea kisu, akampokonya mkoba na simu, akakata kona kwenye mashamba. Kinya aliumia mkono na akaogopa sana, na hilo hakuna anayelikataa. Alipofika kituo cha polisi, ambacho sitakitaja, akaulizwa huyo mtu alikuwaje. Akasema ni Msomali, mrefu, mwembamba, ana kofia.

Hayo ndiyo maelezo yote. Kwa maelezo hayo ungeweza kukamata nusu ya wanaume wanaokunywa chai pale karibu na msikiti, na kama aliyekuibia ni Mmeru mrefu mwenye kofia, hebu jaribu kwenda kituoni useme hivyo uone kama kuna atakayeinuka kitini. Kesho yake asubuhi polisi walikwenda kwenye ile hoteli ya chai, wakatazama meza moja baada ya nyingine, wakambeba mrefu kuliko wote, Aweys. Jioni ya tukio Aweys alikuwa nyumbani kwa dada yake akila wali na kubishana na Idil kuhusu mpira. Luul alikwenda kituoni mbio, akayasema hayo yote bila kupumua.

Aliyempokea alikuwa Inspekta Ngari, Mmbeere wa upande wa Kiambere, amehamishiwa kituo hicho si zamani. Ngari hakuwa mtu mbaya, na hilo ndilo linaloudhi zaidi. Hakufoka, hakuomba kitu. Alimpa Luul kiti.

"Mama, sikiza," akamwambia. "Mimi sitaki kufunga mtu ya bure. Hii kitu tutaimaliza na gwaride. Huyo mama aliyeibiwa atakuja, ndugu yako atasimama kwa laini na watu wengine, kama si yeye, atapita tu."

"Basi fanyeni leo."

"Leo sina watu. Sheria inataka watu wanane, wawe wanafanana na yeye. Hapa seli nina wazee wawili na kijana mfupi. Wewe ukiweza kuniletea watu wanane tutafanya kesho. Kama hakuna, nitangoja mpaka nipate."

Luul alishika neno moja tu: kesho. Aliona jinsi mambo yatakavyokwenda. Kinya atasimama mbele ya Aweys, atamtazama usoni, ataona huyu siye, na mambo yataishia hapo. Alikuwa na imani na macho ya yule mama. Watu wanane kwake lilikuwa jambo dogo, kwa maana wanaume wa Kisomali Laare nzima anawajua kwa majina ya mama zao.

Alianza kwa mzee Abdiqani, mwenye duka la vifaa vya ujenzi, ambaye ana wana watatu warefu kama Aweys.

"Adeer," akamwita, yaani ami, kama anavyomwita tangu utotoni, "nipe vijana wako kesho kwa saa moja tu, wakasimame na Aweys."

Mzee aliacha kupima misumari. Aliuliza wakasimame wapi. Alipoambiwa, akatikisa kichwa kabla Luul hajamaliza.

"Luul, mwanangu. Na huyo mama akimwashiria wa kwangu, itakuwaje?"

"Hatamwashiria. Wako hakuiba."

"Na Aweys aliiba?"

Mzee Abdiqani si mtu wa roho mbaya pia. Aliwahi kubebwa kwenye lori katika msako, akalala siku kadhaa kwenye uwanja wa michezo pamoja na mamia ya watu, akaulizwa na mtoto mdogo mwenye sare kama anajua wimbo wa taifa. Tangu siku hiyo hupita upande wa pili wa barabara akiona kituo cha polisi. Alisema atawaombea dua, na akamfungia Luul sukari ya kupeleka nyumbani.

Duka la pili kijana alikuwa anaumwa tumbo. La tatu kipande kilikuwa kimepotea, na bila kipande huwezi kujipeleka kituoni mwenyewe. La nne walikuwa wanasafiri, ingawa hapakuwa na mzigo wala gari. Kwenye ile hoteli ya chai wanaume walitazama vikombe vyao. Mmoja alimnong'oneza kwamba kuingia kituoni ni rahisi, kutoka ndiko kugumu, na kwamba yeye ana watoto. Luul aliwatukana pale pale, kwa Kimeru, ili hasira imtoke vizuri. Alitoka pale machozi yanamlengalenga, akiwachukia, na akijua vilevile kwamba angekuwa ni Idil anayeitwa kwenda kusimama kwenye mstari huo, angemficha chini ya kitanda.

Ndipo akaenda kwa Mwirigi.

"Watu wanane?" Mwirigi akashangaa. "Wanane tu, na umezunguka mji mzima? Mama Idil, mbona hukuanza na mimi?"

"Ngari alisema wawe wanafanana naye."

"Si watu wa rika lake? Si wanaume? Sisi tumesoma na yeye. Nani mwingine anafanana na yeye kuliko sisi?"

Luul aliambiwa na wengi baadaye kwamba hapo ndipo angepaswa kusimama na kufikiri. Lakini mtu aliyefukuzwa na kila mlango kwa siku nzima akifunguliwa mmoja hasimami kufikiri. Alimshukuru Mwirigi mpaka sauti ikamkauka.

Na Mwirigi alilifanya jambo hilo jinsi wanavyoyafanya mambo ya namna hiyo huko kwao. Mtu wenu akiwa na neno zito mahali, iwe ni kuposa au kupatanishwa, mnachagua watu wa kumsindikiza. Hamwendi na mlevi wala mwenye kesi. Mnakwenda watu wenye majina mazuri, mmeoga, mmevaa, ili wenye nyumba wakiwaona wajue huyu si mtu wa kuokotwa. Mwirigi alichagua wafungaji wake wanaojiheshimu, akaongeza jirani mwenye ng'ombe wengi na fundi wa shule. Asubuhi walinawa nyuso, wakapaka mafuta, wakavaa makoti ya Jumapili, mengine yakiwa na harufu ya dawa ya nondo. Wakapanda boda boda kuelekea kituoni, makoti yakipepea.

Inspekta Ngari alitoka nje akawatazama. Akawatazama tena. Wanane wote Wameru, wengi wao wafupi wenye vifua vipana, wameng'aa kama wanakwenda harusini.

"Mama," akasema polepole, "hawa ni nani?"

"Ni wale watu wanane."

"Nilisema wafanane na yeye."

"Ni marafiki zake, afande. Hakuna hata mmoja aliye na kesi."

Ngari alijikuna shingo. "Hapana. Hii tuiahirishe kidogo. Acha nijaribu Maua, pengine nipate Wasomali huko."

Luul akamshika mkono wa sare. Kumshika askari mkono si jambo dogo, lakini alimshika. "Afande, nakuomba. Hawa wameacha kazi yao, miraa yao inanyauka nyumbani. Wakirudi leo hawatakuja kesho. Na kule kwetu hakuna atakayekuja, nimezunguka kote. Ndugu yangu analala kwenye saruji. Fanya leo, tafadhali."

Naye Mwirigi akaongeza kwamba wao hawana haraka, ila wangependa jambo hili liishe vizuri. Ngari alitazama saa, akatazama barabara, akatazama wale watu wenye heshima zao. Alijua. Mtu aliyesomea kazi hiyo hawezi kusema hakujua. Lakini Kinya alikuwa tayari amefika, amekaa chumba cha pili na bandeji mkononi, na gari la kwenda Maua halikuwa na mafuta. Akasema, "Haya."

Aweys alitolewa seli na shati alilokamatwa nalo, nywele zimesimama, macho mekundu. Alipowaona wale wanane kwenye makoti, alilia. Alikuwa amekaa usiku kucha akifikiri ametupwa. Akaambiwa achague mahali pa kusimama, akachagua kando ya Mwirigi, wakashikana mikono kama wanafunzi. Ngari akamuuliza, kama sheria inavyotaka, kama ameridhika na gwaride.

"Nimeridhika, afande," Aweys akasema. "Hawa ni ndugu zangu."

Kinya aliingia. Hakumtazama hata mmoja wa wale wa makoti. Alikwenda moja kwa moja mpaka kwa Aweys, akamgusa bega, akatoka. Lilikuwa jambo la kufumba na kufumbua. Mwirigi bado alikuwa amesimama kifua mbele, akingoja lianze.

Dhamana ilikataliwa. Mwendesha mashtaka alisema mshtakiwa ana jamaa ng'ambo ya mpaka na anaweza kutoroka. Aweys hajavuka mpaka wowote maishani, na mara ya mwisho alipokwenda Isiolo alirudi siku hiyo hiyo akilalamika joto. Wakili hakuwa naye. Luul alitoa ushahidi kwamba jioni ile ndugu yake alikuwa anakula kwake, akaambiwa kwa upole kwamba dada hawezi kukosa kumtetea ndugu yake. Ukimwuliza Luul, hilo humuuma kuliko mengine yote, kwa sababu mtu anapokula jioni anakula na nani kama si ndugu zake?

Aweys mwenyewe alimuuliza Kinya swali moja tu. "Mama, pale kwa laini ulinijuaje mimi?"

Kinya hakusita. Hakuwa anadanganya. "Msomali alikuwa ni wewe peke yako."

Luul aliruka kwenye benchi. Alidhani sasa yamekwisha, kila mtu ameyasikia, hakimu ataweka kalamu chini aseme nini hiki. Hakimu aliandika, akamwambia shahidi aendelee. Hakuna aliyestuka mle ndani, si karani, si askari wa mlangoni. Kwao lilikuwa jibu la kutosha. Aweys alifungwa miaka kumi.

Baada ya hapo maisha ya Luul yalikuwa ni kupeleka sabuni na nguo za ndani gerezani, na kutafuta wakili. Alimpata Embu, katika ofisi iliyo juu ya duka la viatu, kijana anayeitwa Njagi aliyekubali kuichukua rufaa. Njagi alisoma mwenendo wa kesi mbele yake, akifungua kurasa kwa kidole, na kila mara akisema, "Hapana, hapana."

"Hili gwaride ni kichekesho," akasema mwishowe. "Wanane wote si Wasomali? Ni kama kumwambia shahidi chagua Msomali. Hii peke yake inatosha kutuinua. Polisi waliwatoa wapi hawa watu?"

"Niliwaleta mimi," Luul akasema.

Njagi akaondoa kidole kwenye ukurasa.

"Inspekta aliniomba, nikaleta. Walinikataa wetu, wakaja hawa."

Hapo ndipo alipoelezwa, kwa mara ya kwanza, gwaride ni la kazi gani: kwamba wale wengine husimama ili mshukiwa apotee kati yao, mpaka shahidi alazimike kukumbuka uso. Kumbe kila mtu mwenye kofia ya serikali aliyajua hayo, na hakuna aliyempa hata dakika moja. Njagi alimwambia asijilaumu, kutafuta watu ni kazi ya polisi, si ya dada wa mshukiwa, na Ngari hakupaswa kuendelea hata angepigiwa magoti. Alisema vizuri. Luul alirudi Laare na maneno hayo, na kwa muda wote uliofuata hakumwambia Mwirigi. Angemwambiaje? Kila alipokwenda gerezani Mwirigi alimpa ndizi za kupeleka. Kila kesi ilipotajwa alikuja, na koti lake.

Siku ya hukumu ya rufaa alikuja pia. Walikaa benchi moja mjini Meru, Mahakama Kuu, Aweys akiwa mbele, amekonda, ameota mvi mbili tatu. Jaji alisoma kwa Kiingereza, haraka, bila kuinua macho. Mwirigi, ambaye Kiingereza chake kiliishia shule, alikuwa akiitikia kwa kichwa, kwa adabu, kila jaji alipotua.

Luul alielewa. Jaji alisema kweli gwaride lilikuwa na kasoro. Luul akashika ukingo wa benchi. Kisha jaji akasema kwamba afisa, ambaye mahakama inamwona mkweli, alitaka kuahirisha; kwamba ni upande wa mrufani uliowaleta washiriki wale na kumsihi aendelee; kwamba mrufani mwenyewe aliulizwa akasema ameridhika, akawaita ndugu zake. Hawezi leo kulalamikia alichokitaka jana. Na kwamba shahidi alimtambua bila kusita. Rufaa ikatupwa.

Bila kusita! Luul alitaka kusimama apige kelele. Angesitaje? Angesita kati ya nani na nani? Walimkamata kwa kuwa Msomali, wakamtambua kwa kuwa Msomali, wakamnyima dhamana kwa kuwa Msomali, na sasa kosa limekuwa la marafiki zake kwa kumpenda. Njagi aligeuka akamwambia kwa midomo kwamba bado kuna Mahakama ya Rufani.

Aweys alipokuwa anateremshwa, aligeuka. Hakumtazama dada yake kwanza. Alimtazama Mwirigi, akainua mkono wenye pingu, na mwingine ukafuata.

"Asante kwa kuja," akamwambia kwa Kimeru, na askari akamsukuma.

Nje, Mwirigi alimfuata Luul mpaka kwenye ukuta ambako watu husubiri. "Mama Idil, amesema nini? Mimi niliona kama anasema gwaride ilikuwa mbaya. Si hiyo ni nzuri kwetu?"

"Amekataa."

"Kwa sababu gani?"

"Twende nyumbani, Mwirigi."

"Hapana, niambie. Nimekuja kila mara, na mimi ni mtu mzima. Amekataa kwa sababu gani?"

Kulikuwa na watu wengi ambao Luul angetaka kuwafokea siku hiyo. Ngari alikuwa ameshapandishwa cheo akahamishwa. Jaji alikuwa ameingia ndani kwa mlango wake. Kinya alikuwa Ruiri na vitunguu vyake, na mkono wake haujanyooka mpaka leo. Mzee Abdiqani na wanawe walikuwa dukani Laare, salama. Aliyekuwa mbele yake ni huyu mmoja aliyekuja.

"Kwa sababu mlikuja," akasema, na sauti ikapanda bila ruhusa yake. "Mlikuja Wameru wanane, na makoti yenu, mkamzunguka Msomali mmoja. Angemwona nani mwingine? Mngekaa nyumbani, gwaride lisingefanyika. Ngari alitaka kungoja. Mimi ndiye nilimwomba asingoje, na nyinyi mkaja!"

Watu waligeuka kutazama. Mwirigi alibaki amesimama, na ilionekana usoni mwake kwamba anaipanga ile siku upya, kipande baada ya kipande: mafuta, makoti, boda boda, mikono waliyoshikana. Alikaa chini kwenye ukingo wa mtaro, yeye mzee wa kanisa, bila kutazama kama ni pasafi. Luul alitamani kuyarudisha maneno yake kinywani, ingawa hakuna hata moja lililokuwa la uongo.

"Hakuna mtu alituambia," Mwirigi akasema.

"Hata mimi hawakuniambia."

"Na amenishukuru sasa hivi. Umemsikia?"

"Nimemsikia."

Alivua koti, akalikunja, akaliweka magotini.

"Hiyo mahakama nyingine ambayo wakili amesema," akauliza, bila kuinua uso. "Siku hiyo nije, ama nisije?"